Siku Niliyokataa Kusema Nimepona

Habari za asubuhi, wagonjwa wenzangu. Zamani nisingeanza hivi. Zamani ningepaza sauti, ningemsifu Bwana, ningewangoja mnijibu, na mkijibu kivivu ningewarudisha mwanzo. Leo nawapa habari za asubuhi tu. Asiyeitikia namwelewa, maana najua mmetoka nyumbani bila kutia kitu kinywani, na njaa ya kusubiri vipimo haina adabu.

Sista Agripina, muuguzi wa hapa, ameniomba nizungumze nanyi kwa sababu Ramadhani iko karibu, na kila mwaka wapo wanaofunga kimyakimya halafu wanaletwa hapa wamebebwa. Mimi si shehe. Habari za saumu mtamuuliza shehe, na mkitoka kwake mje mumuulize daktari. Mimi nasema yaliyonipata mimi. Watu wa Kibiti mnanijua, mlikuwa mnaniita Padri, ingawa sikuwa padri hata siku moja. Nilikuwa mchungaji wa kanisa la kilokole, lile la mabati nyuma ya mashine ya kukoboa. Nasema nilikuwa.

Mimi ni mtu wa bara, nyumbani ni Mbozi. Nilitumwa huku kufungua kanisa nikiwa kijana mwenye miguu miwili na sauti ya kuamsha mtaa. Waumini wangu walikuwa walimu, wauguzi, wafanyabiashara wa korosho na ufuta, watu wa kuja kama mimi. Jumamosi nilipanda pikipiki kwenda Mahege, mara nyingine hadi Mloka, ambako watu walikuja ibadani na macho mekundu kwa kukesha wakifukuza tembo mashambani. Nilipendwa. Nami nilipenda kupendwa, siwafichi. Nikiingia kwa mgonjwa niliona uso wake unachangamka kabla sijafungua mdomo. Raha ile sijapata nyingine kama hiyo mpaka leo.

Sasa nieleze jambo moja la kwetu, maana bila hilo hamtanielewa. Kanisani kwetu neno "naumwa" halikutamkwa. Mtu akihara kutwa nzima alisema "nashambuliwa". Akilala hoi alisema "napita kwenye jaribu". Tuliamini ulimi unaumba: ukisema unaumwa, umeukaribisha ugonjwa na umeupa kiti. Na mtu akishaombewa, alitakiwa asimame mbele ya kanisa atangaze kuwa amepona, hata kama mwili bado unamuuma vilevile. Ushuhuda unatangulia, kupona kunafuata. Ndivyo nilivyofundishwa, nami nikafundisha hivyo hivyo.

Kwangu ugonjwa ulianza na kiu. Nilikunywa maji mpaka tumbo likawa linacheza kama dumu, na kiu ikabaki palepale. Nikawa naamka kukojoa kila nikijaribu kupata usingizi. Choo chetu kilikuwa cha nje, na mke wangu Neema ndiye aliyewaona sisimizi. Asubuhi aliwakuta wamejaa pale nilipokojoa.

"Baba Joshua, hebu njoo uone," aliniita.

Niliona. Nikamwambia amwage maji ya majivu. Akamwaga, kesho yake wakarudi.

Nikakonda kama ng'onda. Mkanda wa suruali niliutoboa tundu jipya kwa msumari, halafu jingine. Kanisani wakasema Mchungaji anafunga sana, upako unaonekana usoni. Huko chini kukawasha, kukachubuka, samahanini akina mama, lakini hapa ni hospitali. Macho yakaingia ukungu, Biblia nikawa naifungua kwa mazoea tu na kusema mistari niliyoikariri.

Agripina huyuhuyu mnayemwona hapa alikuwa mwimbaji wa kwaya yangu. Siku moja baada ya mazoezi alinivuta pembeni akaniambia nije kesho kabla sijala. Nilikuja. Alinichoma kidole, akatazama kile kimashine, akakiweka chini taratibu.

"Ni kisukari, Mchungaji. Na kimepanda vibaya."

"Dada, sema nashambuliwa," nilimwambia.

"Kanisani nitasema hivyo. Hapa nimevaa sare, nasema kisukari."

Daktari alinipa vidonge, akanikataza kufunga na akaniambia nilinde miguu yangu kama mboni za macho. Nilimeza kwa kujificha. Kiu ikapungua, nikalala, sisimizi wakahama. Neema alianza tena kunitania kwamba nakoroma. Kama hadithi ingeishia hapo, leo nisingekuwa na la kuwaambia.

Ukafika mfungo mkuu wa kanisa letu wa kila mwaka, ule wa kavu, bila chakula wala maji mpaka jioni. Askofu wetu akaja kutoka Dar kuufungua, akafikia kwangu. Akaziona dawa juu ya kabati la vyombo. Hakufoka. Angefoka pengine ningeshikilia dawa zangu. Alikaa kando yangu, akanishika bega, akasema kwa upole kabisa, "Mtumishi, utamwekea mgonjwa mkono upi? Huu unaokumezesha vidonge?"

Akaniombea. Nililia, Neema akalia. Sikulazimishwa na mtu, nataka hilo lieleweke. Niliamini. Nilikwenda chooni kwa miguu yangu mwenyewe nikazimwaga dawa, mke wangu akiimba mlangoni. Nilijisikia mwepesi kama mtu aliyetua mzigo wa kuni.

Jirani yetu Bi Mwajuma, mwenye ile nyumba ya uani ambayo wengi mnaijua kwa vitumbua, alinikuta siku chache baadaye nimejishikiza ukutani.

"Padri, hivi na hali hiyo unafunga?"

"Nafunga, mama."

"Kwetu mgonjwa wa namna yako hafungi. Anakula, analisha maskini. Hiyo yenu mbona ngumu hivyo, mwanangu?"

Nilicheka, nikamwambia mambo ya rohoni asingeyaelewa. Akachukua beseni lake akaenda zake.

Katika mfungo uleule tukawa na mkutano Mahege. Nilihubiri toka mchana mpaka jua linazama, nikirukaruka jukwaani. Jioni kuvua kiatu, soksi imeganda damu. Msumari ulikuwa umepenya soli ukaingia kwenye unyayo, nami nimekanyagia hapo saa zote hizo bila kusikia kitu. Wenzangu wakashangilia, wakasema Bwana amenizuilia maumivu. Kumbe mguu ulikuwa umekufa ganzi kwa sukari. Haya mambo nayajua sasa.

Kidonda kiliwekewa mafuta ya upako. Kikavimba, kikatoa usaha, kidole gumba kikawa rangi ya zambarau, halafu cheusi. Neema alikiosha kwa maji ya chumvi asubuhi na jioni, amefunga khanga puani. Homa ikapanda. Nikawa nahubiri nimekaa kwenye kiti, na watu wa viti vya mbele wakahamia nyuma, mmoja mmoja, kila mtu na sababu yake. Nanyi mnajua nyama ikioza inavyonuka. Mimi nilikuwa nalala nayo.

Agripina alikuja nyumbani akapiga magoti. "Baba, utakufa. Sisemi kwa kukosa imani. Utakufa." Nikamwambia tungoje Jumapili, Askofu anakuja kuniombea.

Jumapili kanisa lilifurika. Waliniingiza wamenishika huku na huku. Askofu aliomba kwa bidii mpaka shati likalowa, na mimi niliitikia kwa moyo wangu wote, kwa maana kama kuna mtu aliyetaka muujiza ule, ni mimi. Kisha akanipa kipaza sauti. "Simama, Mtumishi, uwaambie watu wa Mungu jinsi ulivyo."

Kinanda kikanyamaza. Niliyajua maneno ya kusema, nilikuwa nimewatamkisha watu wengi. "Nimepona, kwa imani." Basi. Maneno hayo tu, halafu wangeimba, wangenirudisha nyumbani, na mimi ningekufa wiki ile nikiwa mchungaji safi. Nilimtazama Neema. Alikuwa ananisaidia kwa midomo, anayatamka taratibu ili niyafuate.

Nikasema, "Sijapona. Mguu wangu unaoza. Naumwa. Naombeni mnipeleke hospitali."

Kisha kinanda kikaanza kupiga kwa nguvu, na mzee mmoja wa kanisa akaja akanipokonya kipaza sauti mkononi, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu. Askofu akasema Mchungaji amechoka, tumwombee. Neema aliinamisha kichwa. Hakunitazama tena. Agripina ndiye aliyetoka kwenye kwaya na joho lake, akanishika kwapani, tukatoka nje na kupata bajaji ya kunileta hapa.

Hapa walinitundikia maji na dawa, wakanikimbiza hospitali kubwa Dar siku ileile. Daktari, binti mdogo tu, alipofungua kitambaa hakukunja uso. "Baba, tumechelewa kuokoa mguu. Tukiung'ang'ania, tutakupoteza wewe. Nikate?" Nikasema kata. Waliukata chini ya goti.

Neema alifika kesho yake, akakaa kitandani kwangu, akashika pale ambapo shuka lilikuwa bapa. Halafu alilia mpaka manesi wakaja. Na wazee wa kanisa nao walikuja. Mmoja wao, tuliyekula naye sahani moja miaka mingi, aliniambia, "Mguu haukukatwa na daktari, Mchungaji. Umekatwa na ulimi wako." Nikamwomba anisogezee chombo cha mkojo, akanisogezea.

Watu hudhani niliuacha ulokole kwa hasira. Hasira ilikuwepo, tena nyingi, na ningekuwa na magongo siku ile yule mzee asingetoka salama. Lakini hasira inapoa. Kilichonitoa ni kingine. Wodini nilijaribu kuomba. Nilianza kunena kwa lugha kama nilivyozoea toka ujana wangu, kwa sauti ya chini, mgonjwa wa jirani asije akaamka. Na kwa mara ya kwanza nikasikia kwamba ni mimi. Hakuna mwingine. Ni mimi, nimelala chali, natoa sauti zangu mwenyewe. Nikanyamaza. Niliogopa kuliko nilivyoogopa kisu. Nikangoja irudi ile hali ya kuwa na mtu chumbani. Mpaka leo sijaisikia.

Niliporudi Kibiti, Askofu aliniita akanipa nafasi: nisimame Jumapili, nitubu maneno yale, nirudishiwe kundi langu. Nilimwambia siwezi kutubu kwa kusema naumwa wakati nilikuwa naumwa. Basi, nyumba ya kanisa tukaihama. Bi Mwajuma akatupa vyumba viwili uani kwake, wala hakunikumbusha maneno yangu. Vijana wa kijiweni huniambia, "Padri, si usilimu tu, mambo yaishe." Nawajibu kwamba nimetoka safari juzi tu, waniache nipumzike. Wanacheka, nami nacheka. Ila Jumapili asubuhi nikiwa dukani kwangu nauza mbegu na dawa za mikorosho, nikisikia nyimbo zile nilizowafundisha mwenyewe, naacha kupima mbegu mpaka ziishe. Nimewakosa watu wale. Nimekikosa hata kile nisichokiamini tena. Anayewaambia kutoka kwenye dini ni kama kutoka sokoni, hajatoka.

Namshukuru daktari yule, nawashukuru wauguzi wa hapa, na namshukuru Agripina, ambaye bado anaimba kwaya na bado anavaa sare, na jinsi anavyoyaweka yote mawili kwenye kifua kimoja ni kazi yake, simuulizi. Dawa zenu mezeni. Ukiambiwa usifunge, usifunge. Ukiumwa, sema naumwa, kwa sauti, mbele ya yeyote. Na miguu hii ikaguliwe kila siku, chini, katikati ya vidole, kwa sababu mwenyewe hutasikia wala hutaona vizuri. Mtafute mtu wako akuangalie.

Mimi ananiangalia Neema. Hakuacha kanisa. Mwaka ule wa kwanza aliniuliza swali moja tu: "Baba Joshua, siku ya mwisho nitakutafuta upande gani?" Lakini kila jioni anakuja na beseni na taa, anauweka huu mguu uliobaki mapajani mwake, anaugeuza, anatenganisha vidole kimoja kimoja, anaukausha kwa khanga. Kisha anaufunika kwa viganja vyake vyote viwili na anaomba, kwa sauti, mguu huu nibaki nao, na yeye abaki na mwenye nao. Simzuii. Akimaliza anabaki macho amefumba, ananingoja niseme amina. Mimi nasema asante.