Mtunzi Alipopotea Katika Wimbo Wake

Nilikuwa nimevuka miaka arobaini nilipojiunga na shule ndogo ya muziki hapa Bariadi. Mchana nilishona nguo, jioni nilijifunza nota pamoja na vijana wa umri wa wanangu. Tulipoandaa tamasha letu, mwalimu alimwalika mtunzi mmoja mashuhuri ambaye nyimbo zake huimbwa na kwaya nchi nzima. Hatukutegemea angekuja. Akaja.

Alishuka garini, mzee mwembamba mwenye miwani, akatusalimia "Mwangaluka," salamu ya Kisukuma ya asubuhi, ilhali jua lilishaanza kushuka. Tulimwitikia huku tumebana vicheko.

Tulipanga kuimba wimbo wake mmoja, na hapo ndipo hofu yangu ilipokuwa. Tangu nikiwa msichana kule Ngulyati, kwaya zetu ziliuimba tofauti na alivyouandika. Mama zetu waliudaka redioni, wakauongezea kiitikio cha Kisukuma na vishindo vya miguu. Mwalimu alituonya tufuate nota, nasi tukafanya mazoezi hivyo. Lakini siku yenyewe, ubeti wa pili tu, akina mama waliokaa nyuma ya ukumbi wakaanza kiitikio chao, nasi tukafuata. Mwalimu alijaribu kuturudisha kwa mikono, akashindwa, akaanza kutuongoza huko huko tulikokuwa tunakwenda.

Mtunzi akasimama. Alipanda jukwaani, akajipenyeza katika safu ya besi nyuma yangu, akaimba nasi. Ubeti wa tatu akapotea kabisa: sisi tumenyamaza kusubiri vishindo, yeye akaingia peke yake kwa sauti nene. Alicheka mpaka akavua miwani.

Wimbo ulipoisha, mwalimu alianza kuomba radhi. Mzee hakumsikiliza, alinigeukia mimi niliyekuwa karibu.

"Mama, hicho kipande mmekitoa wapi?"

"Tumekikuta kwa mama zetu, baba."

"Basi nifundisheni."

Akina mama wakaitwa jukwaani, wakamweka katikati. Miguu yake ilichelewa, kisha ikawahi mno, na mama mmoja akamshika mkono ili amwongoze. Alipopatia hatimaye, vigelegele vilijaa ukumbini, na mwalimu wetu naye akawa anapiga miguu kuliko wote.

Nilirudi nyumbani sauti imenikauka. Mume wangu aliniuliza tamasha lilikuwaje. Nilimwambia tumemfundisha mtunzi kuimba wimbo wake mwenyewe, akadhani namtania.