Jiwe la Kumiminia Risasi

Hapa Roret ukiuliza mtu wa tairi, utaletwa kwangu. Ukiuliza mtu wa ndoana, utaletwa kwangu vilevile. Shule niliacha darasa la sita na sioni aibu kusema, kwa sababu wale waliobaki darasani leo wananiletea magari niwabalansie magurudumu. Mashine nilinunua mwenyewe. Nyumba nilijenga mwenyewe, ya matofali, mabati rangi ya maruni. Na vichwa natengeneza mwenyewe.

Vichwa ni ndoana zenye tone la risasi shingoni, nzito, zinazozama haraka mpaka pale samaki mkubwa amejificha. Risasi ninayosema si ya bunduki. Ni yale madini laini ya kijivu, vipande vidogo tunavyobandika kwenye rimu ili gurudumu lisitetemeke. Vikitolewa, mafundi wengine wanatupa. Mimi situpi. Navikusanya kwenye debe, nayeyusha, namimina, nafunga manyoya ya jogoo nyuma, na trauti, samaki wa mto wetu, hawajui kukataa. Watu wanatoka Kipkelion kuvitafuta. Wanatoka Merigi. Mwalimu mmoja mstaafu aliniambia vinashinda vya dukani, na yule si mtu wa kusifu ovyo.

Ila kumimina ni kazi ya watu wawili, na wa pili hayupo.

Sisi ni watu wa upande wa Kisii. Wazazi wangu walikuja huku kuchuma chai ya kampuni, mimi nikazaliwa kwenye laini, katika nyumba za wafanyakazi. Mke wangu nilimtoa kule kwao wanakochimba mawe laini ya kuchonga. Baba yake alikuwa mchongaji, na huyu binti alishika kisu kabla hajashika mwiko. Mwaka tuliooana alinikuta namimina risasi kwenye shimo la udongo, inatoka kama mavi ya mbuzi. Alicheka mpaka akakaa chini. Alipoenda kusalimia kwao, alirudi na jiwe kwenye kiondo. Akalikata katikati kwa msumeno, akachonga vishimo kila upande, na njia ya kupitishia risasi. Pande mbili ukizifunga zinakutana kama midomo ya mtu aliyelala.

"Omogaka," akaniambia, na hivyo ndivyo kwetu mke humwita mume anayemheshimu, "weka ndoana zako humu, halafu uache kelele."

Tangu hapo Jumapili zetu zilikuwa hivyo. Tukitoka kanisani na tukishakula, tunatoka nyuma ya nyumba, mahali penye upepo, kwa sababu moshi wa risasi alikataa kabisa ukaribie jikoni. Sufuria ya risasi aliipaka rangi nyekundu isije ikachanganyika na za chakula. Moto ni wa kuni za chai, yale matawi ya kupogoa. Zinawaka kwa hasira hizo. Mimi nayeyusha na kuondoa uchafu unaoelea. Yeye anapitisha moshi wa koroboi ndani ya vishimo mpaka viwe vyeusi, ili risasi iteleze. Kisha anamimina. Mikono yangu ni ya tairi, ina nguvu, haina subira. Mkono wake ulikuwa unatulia hewani, kijiko kimejaa moto, na hata kope hapepesi.

"Bado," anasema.

"Imeiva hiyo, mama."

"Nimesema bado." Halafu, polepole, "Sasa."

Siku hizi nikiwa peke yangu kwenye duka langu la tairi, gari likiwa juu ya jeki, hujisikia nikisema "bado" na hakuna mtu aliyeuliza.

Mke wangu alienda nchi ya baridi kutunza wazee. Sikumtuma, na watu wajue hivyo. Chakula kwangu hakijawahi kukosa. Aliniambia, "Miaka yote unanihubiria vile ulivyojijenga. Na mimi nataka kujijenga. Ama ni kwa wanaume tu?" Nikampeleka uwanja wa ndege nikiwa na suti, na dukani nikawatangazia wote kwamba mama yuko majuu.

Sasa mkataba unaisha. Jumapili moja asubuhi alinipigia kusema wanataka jibu kabla ya wiki kuisha: aongeze miaka miwili, ama arudi. Nikamwambia, "Wewe angalia tu vile unaona." Nikakata simu kama mtu mwenye shughuli nyingi. Shughuli sikuwa nayo. Nikawasha moto nimimine, mara ya kwanza tangu aondoke.

Jirani yangu, mzee Mkipsigis mwenye shamba la chai ng'ambo ya barabara, ambaye tunavua pamoja, akaja akakalia tairi.

"Mama anarudi lini?"

"Mzee, kazi ya majuu si kama kuchuma majani."

"Majani yangu yanachumwa na mke wangu, na jioni yuko nyumbani. Wewe na majuu yako, jana ulikula nini?"

"Nilikula."

"Sijauliza kama ulikula."

Nikajifanya naangalia sufuria. Nikafunga jiwe, nikachota, nikamimina. Ile risasi ilipogusa ndani ikaruka juu kama mafuta yenye maji. Tone likanishika kifundo cha mkono, lingine likatoboa kofia yangu. Mzee alianguka nyuma ya tairi, miguu juu.

"Wewe! Unataka kuniua kabla sijapata bonasi ya chai?"

"Sijui imefanya nini."

Akainuka, akajipangusa, akaja kulitazama jiwe. "Hili limelala wapi?"

"Stoo."

"Na ukungu wetu huu? Limelowa, hili. Mama alikuwa analileta likiwa moto, amelifunga kwenye leso. Mimi siku ya kwanza nilidhani ni mkate, nikangoja chai."

Nilisimama pale mkono unaniwaka. Miaka yote hiyo jiwe lilikuwa linafika mkononi mwangu likiwa na joto, na mimi nilidhani mawe ya kwao ndivyo yalivyo.

Jioni mke wangu alipiga tena, simu ya video. Alikuwa amevaa sweta mbili. Kabla hata ya salamu akaona kitambaa nilichofunga mkononi.

"Mkono umefanya nini?"

"Kazi."

"Ulipasha jiwe?"

Nikaushusha mkono chini ya meza.

"Omogaka, ulipasha jiwe?"

"Hukuwahi kuniambia linapashwa."

"Lilikuwa linalala kando ya jiko, kwa nyumba yako! Ulidhani linaota moto kama mgeni?" Akacheka mpaka akavua miwani. Nami nikacheka, lakini macho yangu yalikuwa kwenye mashavu yake, yamekonda, na dirisha la nyuma yake ambalo nje yake sioni hata mti mmoja ninaoujua. Kisha akavaa miwani.

"Wanataka jibu. Niambie unataka nini. Si kile utawaambia watu wa duka."

Maneno nilikuwa nimeyapanga. Kaa, jijenge, huku kila kitu kiko sawa. Nilifungua mdomo kuyasema, nikasikia nimesema, "Rudi nyumbani."

"Kwa sababu ya jiwe?"

"Jiwe nimeshajua."

Huko kwake kengele ya mzee fulani ikalia, akageuka, akanirudia. "Nimekusikia," akasema, na akaenda.

Ijumaa akanipa jibu. Aliwaomba mwaka mmoja badala ya miwili, wakakubali. Anataka amalize alichoanza, lakini si zaidi ya hapo. "Nilikusikia," akarudia. "Ndiyo sababu ni mmoja." Nikasema sawa, kwa sauti ya mtu mwenye duka, nikamwambia huo si muda, ni kufumba na kufumbua.

Kisha nikatoka nje. Mvua ya alasiri ilikuwa imeisha na ukungu unapanda kutoka kwenye chai, unakuja mpaka ua. Nikasimama nikaita jina lake, lile la usichana ambalo simwiti mbele ya watu. Sikupaza sauti. Niliita tu kama mtu anayemwita aliye jikoni. Ng'ambo ya barabara mzee akauliza nani ameitwa. Nikamwambia hakuna.