Maua ya Mwimbaji wa Kijerumani

Fundi mmoja Mjerumani aliyefanya kazi na babu mgodini alipokuwa anarudi kwao, alimwachia babu santuri zake. Jalada la mojawapo lina picha ya mwanamke amekumbatia maua. Mama mdogo, kiongozi wa kwaya ya parokia yetu hapa Kolwezi, tangu utotoni aliimba nyimbo za mwanamke huyo bila kuelewa hata neno moja. Nyumbani ilijulikana kwamba mwimbaji huyo alishinda Ulaya nzima. Ushahidi ni yale maua: kwenye mashindano ya kwaya huku kwetu, maua hupewa mshindi peke yake.

Mwaka huu mama mdogo alikataa kwenda kushindana Lubudi. Kila mara tulirudi mikono mitupu. Bila yeye kwaya ingevunjika, na sote tulilijua hilo.

"Mi nachoka," alisema, akikunja vitenge vya kwaya. "Bajuji ba mashindano banajua sura yangu kuliko sauti."

"Na mwenzako wa maua?" nilimuuliza, nikimwonyesha jalada.

"Ule ana kipawa, njo maana alishinda. Mi nibakie jikoni kusonga bukari yangu."

Mimi siamini kitu kwa sababu tu kila mtu anakiamini. Umeme uliporudi nilichaji simu, nikamtafuta mwimbaji huyo mtandaoni. Alikuwa ameshiriki mashindano ya kimataifa mara nyingi, akaimbia nchi moja, kisha nyingine. Hakuwahi kushinda.

Nilisita. Chuo kikuu kilinifundisha kutafuta ukweli. Cha kuufanyia ukishaupata, hakikusema. Je, nikimvunja moyo kabisa? Mwishowe nikamwambia.

"Unabeba bongo, unanidanganya! Na maua?"

"Pengine ni ya mpiga picha."

Alilitazama jalada kwa muda mrefu, kama anayemwona mtu huyo kwa mara ya kwanza.

"Alishindwa, akarudia?"

"Akarudia. Mpaka akabadilisha nchi."

Mama mdogo alicheka hadi vitenge vikamwanguka. "Eh, mama! Ule ni mukaidi kupita mi!" Akaviokota, akaanza kuwahesabia waimbaji wa kwenda Lubudi.

Lubudi tulikuwa wa mwisho. Tukiwa njiani kurudi, alisimamisha gari, akachuma maua ya porini, akayakumbatia, akaniamuru nimpige picha. Sasa picha hiyo iko sebuleni, kando ya ile santuri.

Juzi jirani aliiona, akapiga vigelegele. "Mama, kumbe mulishinda!"

Mama mdogo alinigeukia. "Uliza huyu. Njo mwenye kupenda ukweli."