Walichukua Sanamu ya Mama Maria Nikiwa Sokoni

Admin, jina langu lisionekane, maana mume wangu huusoma ukurasa huu. Mimi ni mama wa miaka thelathini na sita, nauza mitumba hapa Khayega, na tuna mtoto mmoja, Tito. Nilizaliwa Mkatoliki, mume wangu ni mlokole. Tulipooana tulikubaliana kila mtu asali kwake.

Mama yangu alinilea peke yake kwa vibarua vya shamba. Siku ninaolewa alinipa sanamu yake ndogo ya Bikira Maria, iliyobanduka rangi puani. Mwaka uliofuata akafariki. Baadaye mimba zangu mbili ziliharibika. Mara zote mbili mume wangu alikuwa kwenye mikutano ya kanisa, na mimi nilikuwa sakafuni na rozari mbele ya sanamu ile, nikimweleza Maria, yule mwanamke aliyemzika mwanawe, mambo ambayo sikuweza kumwambia mtu mwingine.

Mwaka huu mume wangu alipangiwa kuwekewa mikono awe mchungaji. Askofu wao akasema hawezi kumtawaza mtu ambaye nyumbani mwake kuna sanamu. Mume akaniomba niitoe, nikakataa. Wakaja wamama wa kanisa lao, wakanikalisha. Mmoja akaniambia, "Hiyo kitu inakulanga watoto. Hata zile mimba mbili ndiyo ilikula." Nilisimama nikawafungulia mlango.

Wiki mbili zilizopita, nikiwa sokoni, jirani alinipigia simu kwamba mume wangu na watu wa kanisa wametoka kwangu na kitu wamekifunga kwenye leso. Nilimwachia mwenzangu nguo, nikapanda boda boda hadi kanisani. Moto ulikuwa umewashwa uani, watu wanaimba, na mume wangu ndiye aliyeshika sanamu.

Nilipita katikati yao hadi mbele yake.

"Baba Tito," nikamwambia, "mimi siabudu udongo. Lakini nilipomwaga damu, wewe hukuwepo. Huyu alikuwepo. Nipe."

Kuimba kukakoma. Askofu akamwamuru aitupe motoni. Mume wangu alinitazama, kisha akanipa. Niliibeba kifuani nikaondoka bila kugeuka nyuma.

Kutawazwa kukafutwa. Kesho yake alifunga nguo zake, akaenda kwa kaka yake Likuyani, akasema hawezi kutazamana na watu hapa. Ndugu zake wananiambia nimemharibia maisha. Tito ananiuliza kila jioni babake atarudi lini.

Sasa nisikilizeni vizuri. Siulizi kama niitoe sanamu, hilo nimelimaliza. Anayetaka kunitumia mistari ya Biblia apumzike, Biblia ninayo na ninaisoma. Ninachouliza ni hiki. Yule mwanaume alinirudishia Mama yangu mbele ya kanisa lake lote, akijua atapoteza kila alichokuwa akingojea. Bado nampenda. Nimfuate Likuyani, au nimwache arudi mwenyewe? Ninyi mlio kwenye ndoa za makanisa mawili, mlifanyaje?