Ramani Iliyokatwa Sketi

Mtaani kote walimwita Makabrasha, na jina hakulikataa. Alikuwa mwalimu wa Maarifa ya Jamii, darasa la tano, na mtu wa kukusanya karatasi kupita kiasi: tiketi kuukuu, kadi za kliniki za watoto ambao sasa wana wajukuu, mialiko ya harusi za ndoa zilizokwisha kuvunjika. Akinunua njugu, alizila haraka haraka ili asome karatasi zilizofungiwa. Alibisha hodi kwa watu kwa adabu zote, akatoka na bahasha kwapani, na mwenye nyumba asikumbuke vizuri ni saa ngapi alikubali kuitoa.

Kichaa hakuwa, ingawa mashemeji walikuwa na maoni yao. Aliamini jambo moja tu: mtoto hawezi kuwajua watu waliomtangulia mpaka ashike mkononi karatasi waliyoiandika wao wenyewe, siku mambo yalipokuwa yakitokea. Na kila karatasi, iwe ya mkubwa au ya mdogo, wanafunzi wake waliihoji kwa maswali matatu: Nani kasema? Lini? Kwa nini? Hata barua ya uchumba aliyoandikiwa na mumewe iliingia darasani. Watoto waliikagua kipindi kizima wakaamua kwamba mwandishi anaahidi mengi, ila ushahidi hauonekani.

"Mke wangu, hata ile?" mumewe alilalamika.

"Ile ndiyo bora kuliko zote, baba. Ina tarehe."

Hazina yote hiyo ilikaa katika kabati moja kubwa nyuma ya darasa, na kabati hilo Mkuu wa shule alilimezea mate. Alikuwa mtu mpole, aliyependa vitu vikae mahali pake, na fagio na ndoo zake hazikuwa na mahali. Siku ya Jumatatu akamwita Makabrasha ofisini.

"Mwalimu, Alhamisi anakuja mkaguzi. Atakaa kwenye kipindi chako. Akiridhika na hayo makaratasi, kabati lako. Asiporidhika, tunarudi kunakili kitabu kama zamani, na kabati nalichukua."

Somo la Alhamisi lilikuwa "Mtaa Wetu Ulivyoanza". Makabrasha alipofungua kabati lake lililojaa hadi juu, hakukuta karatasi hata moja inayohusu mwanzo wa mtaa. Alikuwa na mialiko ya harusi mia moja na kumi, lakini mwanzo wa mtaa hana. Alitamani kulia, akapiga moyo konde, akaenda kumsumbua tarishi mstaafu wa ofisi ya mtaa.

"Ramani ya kwanza?" tarishi akasema. "Ile aliyoichora mpimaji kwa mkono, kabla nyumba hazijajengwa? Tulipohama ofisi, tulimpa Fundi Kesho. Alisema ina karatasi nzuri."

Fundi Kesho alikuwa fundi cherehani, na jina lilimkaa sawasawa. Kwa miaka hamsini hakuwahi kumjibu mteja neno jingine. Inasemekana kuna bwana aliyempelekea kitambaa cha suti ya kuanzia kazi, akaivaa siku ya kustaafu. Watu waliendelea kumpelekea nguo kwa sababu mkono wake, ukishafika, ulikuwa hauna mpinzani.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, mwanangu. Nguo yako bado, njoo kesho."

"Sijaleta nguo, Fundi. Natafuta ramani ya mtaa."

Mzee akaelekeza mkasi ukutani, kwenye msumari uliotundikwa rundo la karatasi nzito zilizofungwa kwa uzi, zile za kuwekea juu ya kitambaa na kukatia. "Ile pale."

"Wapi?"

"Hapo hapo. Mkono wa kulia, mkono wa kushoto, kola, sketi mbele, sketi nyuma. Nimekatia sare za shule mpaka leo. Karatasi yake ile, mwanangu, haikunjiki!"

Makabrasha aliketi juu ya kiti cha wateja, ambacho kilikuwa na suruali tatu za watu. Ramani pekee ya mtaa, na mzee huyu kaikata sketi! Kisha akaushusha ule mkono wa kushoto, akaugeuza, akaona mstari wa mto, na kisima kimechorwa hasa penye kwapa. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka Fundi naye akaambukizwa, na wapita njia wakachungulia kujua kuna nini.

Jumatano madawati yalisukumwa ukutani, na watoto arobaini wakapiga magoti sakafuni kuiunganisha ramani. Kelele zilifika ofisini. "Barabara inaingia kwenye kola!" "Geuza, geuza, zahanati iko kichwa chini!" "Mwalimu, kwetu kuko kwenye pindo la sketi!" Saa sita mtaa mzima ulikuwa umelala sakafuni, isipokuwa katikati. Hapo palikuwa na tundu la ukubwa wa kifua cha mtoto, na kila barabara ilielekea kwenye hilo tundu.

Makabrasha alikwenda mbio mpaka kwa Fundi, kiatu kimoja kikamvuka njiani.

"Kipande cha katikati kipo," akasema mzee bila kuinua macho. "Hicho nilikitenga zamani. Lazima nikitafute. Njoo kesho."

"Fundi, kesho ndiyo Alhamisi!"

"Basi kesho yenyewe ndiyo hiyo."

Usemi huo haukumpa mtu usingizi.

Mkaguzi alikuwa mama mwembamba, miwani shingoni kwa uzi, kalamu mkononi. Mkuu alisimama nyuma ya darasa. Alikwisha kuleta ndoo mbili akaziweka nje ya mlango, kwa kujitayarisha tu, alisema. Watoto walieleza kisima, wakaeleza mto, wakaeleza kwa nini zahanati ina alama ya mshono. Mkaguzi alisikiliza bila kuandika. Kisha akainama juu ya lile tundu.

"Na shule? Shule yenu ilianzia wapi?"

Makabrasha akafungua mdomo akubali yaishe.

"Hodi!"

Nje ndoo ikagongwa teke, ikaviringika ukumbini kwa kishindo. Fundi Kesho akaingia, tepu shingoni, na kipande mkononi. Kesho ilikuwa imefika kwa mara ya kwanza, na nusu ya darasa, waliokuwa wakisubiri sare zao tangu muhula uliopita, wakapiga makofi.

Kipande kiliingia mahali pake bila kusukumwa, kiwanja cha shule kikaonekana katikati ya mtaa, kwa mwandiko wa mpimaji. Mkaguzi akaitikia kwa kichwa. Mambo yangeweza kuishia hapo. Lakini msichana wa dawati la mbele, ambaye mdomo wake haukujua likizo, alikuwa amefundishwa asiamini upande mmoja wa karatasi. Akakitoa tena kipande, akakigeuza, akasoma kwa sauti:

"Binti wa muuza mkaa. Miaka saba. Ashonewe leo."

Makabrasha alikamata ukingo wa meza. Mtaani hapo, alipokuwa mtoto, muuza mkaa alikuwa mmoja tu, na alikuwa mama yake mwenyewe.

"Nani kasema?" msichana akauliza, kama alivyofunzwa.

"Mimi," akasema Fundi.

"Lini?"

"Siku moja kabla shule haijafunguliwa mara ya kwanza. Ndiyo nguo pekee niliyoimaliza siku ile ile. Nikatunza kipande, maana nilijua hakuna atakayeniamini."

"Kwa nini?"

Mzee akamtazama Makabrasha. "Mama yake alikuwa amekubali kungoja. Yeye akagoma mlangoni, mdogo hivi. Nikamwambia njoo kesho. Akaniuliza nani kasema kesho. Kesho saa ngapi. Na kwa nini isiwe leo. Mimi nina majibu ya hayo? Nikawasha taa ya cherehani."

Kicheko kilipasua darasa. Makabrasha alicheka kuliko wote, machozi yakimtiririka mbele ya mkaguzi bila aibu, akakipokea kipande kwa mikono miwili, akakibandika kifuani kupima. Hakikumtosha tena hata kidogo. Alijisikia furaha ya kumtia mtu wazimu.

Mkaguzi alivaa miwani yake, akaandika ukurasa mzima, kisha akaomba kabati lifunguliwe, akaanza kusoma mialiko ya harusi. Mkuu alitoka kimya kimya, akaokota ndoo zake mbili, akazirudisha alikozitoa.