Nyama Safi Isiyo na Kano

Kwa miaka ishirini na miwili muuza nyama mmoja, ambaye mtaa mzima ulimwita Kisu, kazi yake ilikuwa kutoa kano, zile nyuzi ngumu zinazoshika nyama kwenye mfupa. Wateja hawakuzitaka. Ukimwachia mtu kano moja kwenye nusu kilo, kesho anairudisha imefungwa kwenye karatasi kama ushahidi. Basi mkono ulishazoea: kata, vuta, tupa kwenye ndoo.

Wiki ya mitihani ya shule, binti yake kitinda mimba alimkabidhi simu. Ndani yake mlikuwa na mtu wa mchezo, yuko porini kwenye theluji, binti alishamlea siku sitini. Alikuwa na roho moja tu. Akifa, kibanda, moto, vyote vinafutika. Asipochezwa, anakufa njaa.

"Mlishe tu, baba," alimsihi. "Usilete ujuzi."

Amwambie hivyo nani, mtu aliyeota sugu kwa kuchuna? Mchana, wateja walipopungua, Kisu alikaa nyuma ya mizani akawinda kulungu kwa upinde. Simu ikauliza achukue nini. Nyama, akabonyeza. Ngozi, akabonyeza. Kano akazitupa. Kulungu wa pili, vilevile.

Siku ya tatu kamba ya upinde ikakatika, na mbwa mwitu wameshazunguka kibanda. Kamba mpya ilitaka kano tatu, zikaushwe, zipondwe, zichanwe nyuzi, ndipo zisokotwe. Akafungua mkoba. Nyama kilo arobaini. Kano, hata ya dawa hakuna.

Akamlaani aliyetunga mchezo. Akaapa kwamba haiwezekani mtu afe huku ana nyama nzuri namna ile. Mbwa mwitu wakaingia, mtu wa mchezo akafa.

Binti aliporudi hakulia. Aliposikia habari ya kamba, akauliza kano zilikwenda wapi. Kisu, akijiona mjinga kila neno likimtoka, akaeleza kwamba nyama yenye kano hainunuliki.

"Angenunua nani, baba? Mbwa mwitu?"

Kisu akamgeukia mteja aliyekuwa akisubiri, akavuta kano kwenye paja la ng'ombe, mkono ukaelekea kwenye ndoo. Ukasita hewani. Akaguna, akaitundika kwenye msumari. Mteja alimtazama kama mtu aliyerukwa na akili.

Binti alikuwa ameshaanza upya. Akaisukuma simu juu ya kaunta, katikati ya makombo ya mifupa. Siku ya kwanza, sungura mmoja, mwembamba.

"Chuna wewe," alisema. "Mimi nakuangalia mkono."