Kishindo cha Ghorofa ya Juu

Fundi cherehani wa ghorofa ya chini alikuwa mtu wa raha zake: cherehani dirishani, redio kwa sauti ndogo, chai pembeni. Kero yake ilikuwa moja tu, binti wa mpira wa kikapu anayeishi juu yake. Kila jioni, saa kumi na moja, dari ilitoa puu! mara thelathini, na mshono ukaenda kombo.

Siku ya nne uzalendo ukamshinda. Akapanda na ufagio mkononi.

"Wewe mtoto, unataka kuniangushia nyumba?"

"Shikamoo, bibi. Nisamehe, ni zoezi." Binti alisimama juu ya kigoda, macho yamemlowa. Mwaka jana goti lilimteguka akitua. Sasa kocha kasema fainali hachezi mpaka atue vizuri, na zimebaki wiki sita.

"Marahaba. Hebu ruka nione."

Akaruka. Magoti yakabusiana, nyayo zikapiga sakafu kama mchi kwenye kinu. Fundi hakujua lolote la michezo, ila kilichopinda alikijua. Miaka yote analipwa kukinyoosha.

"Kocha anasemaje?"

"Nikunje magoti, yaelekee vidole vya miguu, nitue kimya. Lakini yanaingia ndani yenyewe!"

"Hayana adabu tu." Akashuka, akarudi na lastiki pana ya viuno vya sketi, kaishona duara, akamvisha juu kidogo ya magoti. "Ukikunja, isukume kwa nje. Ikilegea, umeharibu. Mimi nipo chini. Nikikusikia, nagonga."

Wiki za mwanzo aligonga mpaka rangi ya dari ikabanduka. Baadaye akawa anagonga mara kumi, mara nne, mara moja.

Jioni moja saa kumi na moja ikafika, kimya. Na robo, kimya. Fundi akaacha mshono katikati. Goti tena! Akapanda ngazi mbili mbili, na umri wake ule, akasukuma mlango bila hodi.

Binti alikuwa hewani. Akatua vidole kwanza, magoti yamekunjwa na kutazama mbele. Hata kijiko kwenye kikombe hakikulia.

"Ishirini na tisa," akasema akihema. "Bibi, kocha kanipima leo. Nacheza!"

Fundi akajibwaga kwenye kigoda, machozi ya furaha yakamtoka bila aibu.

"Bibi, inuka basi. Bado mara moja."